Karakana ya James Watt na Joto Lililojificha Ndani ya Mvuke

Tarehe 25 Agosti 1819, James Watt alifariki dunia nyumbani kwake Heathfield, katika eneo la Handsworth karibu na mji wa Birmingham, Uingereza. Alikuwa na umri wa miaka 83. Baada ya kifo chake, chumba kimoja cha darini, kilichokuwa juu ya jiko la nyumba ile, kilifungwa kwa ufunguo. Humo ndimo mzee huyo alimoshinda siku nyingi baada ya kustaafu, amevaa aproni yake ya ngozi, akikereza, akipiga tupa na kuchanganya plasta. Kwa zaidi ya miaka mia moja vitu vyake vilibaki pale pale alipoviacha, na watu waliobahatika kufunguliwa mlango walikuwa wachache sana.

Mwaka 1924, nyumba ile ikiwa inakaribia kubomolewa, Makumbusho ya Sayansi ya London yaliamua kukiokoa chumba chenyewe. Hawakuchukua vifaa peke yake. Walichukua mlango, dirisha, meko na hata mbao za sakafu. Vitu zaidi ya 8,000 viliorodheshwa, vikapelekwa London na kupangwa upya kama vilivyokuwa. Tangu mwaka 2011 chumba hicho kimewekwa katika maonyesho mapya, na mgeni anaweza kukiona kwa karibu kuliko ilivyokuwa zamani.

Ndani yake kuna mashine ya kukerezea inayoendeshwa kwa mguu, imewekwa mahali penye mwanga wa dirisha. Kuna jiliwa, nyundo, patasi, na droo nyingi zilizojaa skrubu na vipande vya shaba. Kuna chupa za kemikali na vipande vya ala za muziki, kwa sababu katika ujana wake Watt aliwahi kuunda filimbi na kinanda. Kuna sanduku la vitabu na kazi za shule za mwanawe Gregory, aliyefariki mwaka 1804 akiwa na miaka 27 tu; baba aliliweka karibu naye hadi mwisho wa maisha yake. Na katikati ya chumba zimesimama mashine mbili za kunakili sanamu, kazi iliyomshughulisha katika uzee. Kidole cha chuma hupapasa uso wa sanamu ya asili, na keekee inayozunguka huchonga nakala yake kwa kufuata nyendo zile zile. Mashine moja hutoa nakala ya ukubwa ule ule, nyingine hutoa nakala ndogo.

Anayetarajia kukuta humo injini kubwa ya mvuke hataiona. Atakachokiona ni mazingira ya mtu aliyefikiri kwa mikono yake. Ugunduzi uliompa sifa duniani ulitoka katika chumba cha namna hii, miaka mingi kabla ya Heathfield, na chanzo chake kilikuwa kazi ya kawaida kabisa ya fundi: kutengeneza kitu kilichoharibika.

Mfano wa injini uliogoma

Watt alizaliwa mwaka 1736 huko Greenock, mji wa bandari wa Scotland. Mwaka 1757, akiwa na miaka 21, alipewa na Chuo Kikuu cha Glasgow chumba cha kufanyia kazi ndani ya majengo yake. Hakuwa mwalimu wala mwanafunzi wa chuo. Alikuwa fundi wa vyombo vya vipimo, na riziki yake ilitokana na kuunda na kukarabati vitu kama bikari na mizani. Katika majira ya baridi ya mwaka 1763 kuingia 1764, aliletewa mfano mdogo wa injini ya Newcomen uliotumika darasani, akaombwa autengeneze.

Injini ya aina hiyo ilibuniwa na Thomas Newcomen, mfanyabiashara wa vyuma kutoka Dartmouth, na mwaka 1712 ilikuwa tayari inavuta maji mgodini karibu na Dudley. Ilifanya kazi hivi: mvuke kutoka kwenye boila uliingia ndani ya silinda na kuijaza huku pistoni ikipanda. Kisha maji baridi yalinyunyizwa ndani ya silinda hiyo hiyo. Mvuke ukapoa ghafla na kurudi kuwa maji. Kwa kuwa maji huchukua nafasi ndogo mno kuliko mvuke wake, zaidi ya mara 1,600, ndani ya silinda pakabaki karibu patupu. Hewa ya nje, ambayo wakati wote inatugandamiza kutoka kila upande, ikaisukuma pistoni chini kwa nguvu, na boriti kubwa iliyofungwa kwenye pistoni ikainua pampu ya maji upande wa pili.

Watt aliutengeneza mfano ule ukafanya kazi, lakini ulipiga mapigo machache tu ukasimama, kwa sababu boila ilikuwa imeishiwa mvuke. Fundi mwingine angesema kimfano ni kidogo, akakirudisha darasani na kudai ujira wake. Watt alianza kupima. Alipima maji yaliyochemshwa, akapima mvuke uliotumika kwa kila pigo moja, akagundua kwamba injini ilikuwa ikimeza mvuke mara kadhaa zaidi ya ule unaotosha kuijaza silinda. Basi huo mwingine ulikuwa unapotelea wapi?

Jibu lilikuwa katika silinda yenyewe. Kila pigo, silinda ilipozwa kwa maji baridi. Mvuke mpya ulipoingia ulikuta chuma baridi, nao ukatumika kukipasha chuma hicho kabla haujafanya kazi yoyote ya maana. Injini ilikuwa kama mpishi anayezima jiko lake kila baada ya chapati moja, akangoja kikaango kipoe, halafu akawasha upya kwa ajili ya chapati inayofuata.

Joto lisiloonekana kwenye kipimajoto

Jambo jingine lilimshangaza zaidi. Kwa nini maji mengi kiasi kile yalihitajika ili kuupoza mvuke mdogo? Ili kupata jibu alifanya jaribio jepesi kwa birika la chai: aliupitisha mvuke wa maji yanayochemka ndani ya bomba, akauelekeza kwenye maji baridi, akangoja mpaka maji hayo nayo yakafikia joto la kuchemka. Kisha akapima. Maji yalikuwa yameongezeka kwa takriban sehemu moja ya sita. Maana yake, maji kidogo yaliyogeuka mvuke yaliweza kuyachemsha maji baridi yenye uzito karibu mara sita yake, ingawa mvuke wenyewe haukuwa na joto kuzidi maji yanayochemka.

Watt alikwenda kumuuliza rafiki yake Joseph Black, profesa katika chuo kile kile. Black alikuwa ameshaligundua jambo hilo kwa njia yake na kulifundisha darasani: maji yanapogeuka kuwa mvuke humeza joto jingi sana ambalo halionekani kwenye kipimajoto. Joto hilo linaitwa joto fiche. Halipotei. Limo ndani ya mvuke, na siku mvuke utakaporudi kuwa maji, utalitoa lote.

Kwa vipimo vya leo, kilo moja ya maji yenye nyuzijoto 25 za Selsiasi huhitaji kilojuli zipatazo 314 ili kufikia nyuzijoto 100. Lakini kuyageuza maji hayo yaliyokwisha kuchemka yawe mvuke mtupu huhitaji kilojuli 2,257, yaani zaidi ya mara saba, na muda wote huo kipimajoto hakipandi hata nyuzi moja. Hili unaweza kulishuhudia jikoni bila chombo chochote cha maabara. Teleka sufuria ya maji kwenye moto usiobadilika. Kama maji yatachukua dakika tano kuchemka, yatachukua zaidi ya nusu saa kukauka yote. Moto ni ule ule na joto la maji halibadiliki. Nguvu yote ya moto inaingia katika mvuke na kupaa nao.

Hapa sayansi ya Watt na Black inagusa mfuko wa kila mwenye jiko. Maharage yaliyokwisha kuchemka hayaivi haraka zaidi kwa sababu eti yanatokota kwa kishindo. Katika sufuria ya kawaida maji hayawezi kuzidi joto la kuchemka, hata ukiuchochea moto namna gani. Gesi au mkaa unaouongeza baada ya hapo unatengeneza mvuke tu. Chakula kikishachemka, punguza moto ubaki wa kutokotesha polepole, kisha funika. Mfuniko huuzuia mvuke usitoroke na joto lake fiche: mvuke hugusa mfuniko, hurudi kuwa matone na kuangukia chakulani.

Joto hilo fiche ndilo linaloufanya mvuke kuwa hatari kuliko wengi wanavyodhani. Tone la maji ya moto likikuangukia mkononi linakuunguza kwa joto lake la kawaida tu. Mvuke wenye uzito ule ule ukigusa ngozi hurudi kuwa maji papo hapo na kumwaga joto fiche lote, halafu maji yake nayo yanaendelea kuunguza. Kwa jumla joto linaloingia mwilini huwa karibu mara tisa hadi kumi ya lile la maji yanayochemka. Ndiyo maana mfuniko wa sufuria hufunuliwa kwa kuuinamisha, upande wa wazi ukielekezwa mbali na uso, na watoto hawaruhusiwi kukaa karibu. Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala mafuta ya kupikia, na kama jeraha ni kubwa apelekwe hospitali.

Kanuni hiyo hufanya kazi pia kwa kupoza. Maji yanayokauka hulichukua joto lake fiche kutoka kwenye kitu kilicho karibu. Jasho likikauka hulitoa joto mwilini, na maji yanayopenya kwenye kuta za mtungi wa udongo na kukaukia nje huyapoza yale yaliyobaki ndani. Dodoma, ambako hewa ni kavu, mtungi hupoza vizuri. Mombasa au Zanzibar katika siku za unyevu mwingi jasho halikauki upesi, na ndiyo maana mtu huhisi joto kali hata pale kipimajoto kisipoonyesha ajabu yoyote.

Chombo cha pili

Watt alikuwa sasa anajua tatizo lake lote. Silinda ilitakiwa iwe ya moto ili isipoteze mvuke. Silinda hiyo hiyo ilitakiwa iwe baridi ili mvuke urudi kuwa maji. Mambo mawili yanayokinzana yalidaiwa kutoka kwa chombo kimoja. Jumapili moja ya Mei 1765, akitembea katika uwanja wa Glasgow Green, jibu lilimjia. Mvuke hukimbilia mahali palipo na utupu. Basi silinda iunganishwe kwa bomba na chombo cha pili kilichotolewa hewa na kuwekwa katika hali ya ubaridi wakati wote. Mvuke utakimbilia humo na kurudi kuwa maji humo, na silinda itabaki ya moto siku nzima.

Chombo hicho cha pili ndicho kondensa ya Watt. Kwa jaribio la kwanza alitumia bomba la sindano kubwa la shaba, aina iliyotumiwa na madaktari, likawa silinda yake. Wazo lilikuwa limekamilika, lakini kulitoa katika kimfano cha mezani hadi injini ya mgodini kulichukua miaka kumi na moja. Hataza, yaani haki ya pekee juu ya uvumbuzi wake, aliipata tarehe 5 Januari 1769. Mfadhili wake wa kwanza, John Roebuck, alifilisika. Ili kulisha familia Watt alifanya kazi ya kupima njia za mifereji. Mwaka 1773 mke wake Margaret alifariki. Mafundi wa wakati ule hawakuweza kutengeneza silinda kubwa iliyo duara sawasawa, na pistoni isipobana vizuri mvuke huvuja.

Mambo yalifunguka alipohamia Birmingham mwaka 1774 na mwaka uliofuata kuingia ubia na Matthew Boulton, mwenye kiwanda cha Soho. Fundi mwingine, John Wilkinson, alikuwa amebuni mashine ya kutoboa mizinga ya vita kwa usahihi, na mashine za namna hiyo zikawezesha kupatikana kwa silinda iliyonyooka. Mwaka 1776 injini za kwanza zilianza kazi. Injini ya Watt ilifanya kazi sawa na ile ya Newcomen ya kawaida kwa takriban robo tu ya makaa ya mawe. Boulton na Watt hawakudai bei ya injini peke yake: walidai theluthi moja ya thamani ya makaa ambayo mteja ameokoa. Utajiri wao ulitokana moja kwa moja na hasara iliyoondolewa, na kwa malipo ya namna hiyo, kupima kwa uaminifu kulikuwa uti wa mgongo wa biashara nzima.

Wati katika mita ya nyumbani

Wateja walitaka kujua injini moja ingechukua nafasi ya farasi wangapi. Watt akaweka kipimo cha nguvu farasi, kinacholingana na kuinua mzigo wa kilo 76 kwenda juu mita moja kila sekunde. Miongo kadhaa baada ya kifo chake, wanasayansi wa Uingereza waliamua kipimo kipya cha nguvu kiitwe kwa jina lake: wati. Nguvu farasi moja ni takriban wati 746.

Kila anayenunua umeme wa LUKU Tanzania au tokeni Kenya ananunua jina hilo. Uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani nguvu ya wati 1,000 ikitumika kwa saa moja. Taa ya wati 10 itawaka saa 100 kwa uniti moja. Pasi ya wati 1,000 itaimaliza kwa saa moja ikiwaka mfululizo, na birika la umeme la wati 2,000 kwa nusu saa. Soma namba iliyoandikwa kwenye kifaa chako, zidisha kwa saa unazokitumia, gawanya kwa 1,000. Ukifanya hivyo kwa kila kifaa, utajua mwenyewe uniti zako zinakwenda wapi, kama Watt alivyojua mvuke wake ulikopotelea.

Kondensa nayo haijastaafu. Huko Olkaria karibu na Naivasha, ambako Kenya ilianza kuzalisha umeme wa jotoardhi mwaka 1981, mvuke kutoka ardhini huzungusha tabo (turbini) kisha huingia katika kondensa, hurudi kuwa maji na kuacha mgandamizo mdogo nyuma ya tabo, jambo linaloongeza umeme unaopatikana kwa mvuke ule ule. Mitambo inayotumia gesi, makaa ya mawe au nishati ya nyuklia kuchemsha maji nayo hufuata kanuni hiyo.

Historia isifichwe

Heshima kwa fundi huyu haitudai tufumbe macho. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa Greenock katika zama ambazo biashara ya Atlantiki ilisimama juu ya jasho la watumwa, na baadhi ya injini za Boulton na Watt ziliuzwa kwenye mashamba ya miwa ya Karibi yaliyolimwa na Waafrika waliotekwa. Hataza yake iliyodumu hadi 1800 iliwazuia wabunifu wengine, naye aliipinga injini ya mvuke wa mgandamizo mkubwa, ambayo baadaye ndiyo iliyovuta treni. Na makaa ya mawe aliyopunguza katika kila injini yaliishia kuchomwa zaidi duniani, kwa sababu injini zilizidi kuwa nyingi. Ugunduzi ukishatoka karakanani huingia mikononi mwa wanadamu, na wanadamu ndio wanaoamua utatumika kwa haki au kwa dhuluma.

Hata hivyo, somo la karakana ile linabaki lenye thamani kwetu. Watu husimulia ugunduzi kana kwamba ni radi inayompiga mtu mwenye akili za ajabu. Matembezi ya Glasgow Green yalizaa jibu kwa sababu kabla yake palikuwa na miezi ya kupima maji, kupima mvuke, kuuliza mwenye elimu na kurudi tena mezani. Black alikuwa na nadharia ya joto fiche lakini hakuunda injini. Mafundi wengi waliijua injini ya Newcomen lakini hawakuuliza mvuke unapotelea wapi. Elimu ya darasani na mikono ya fundi zilipokutana katika chumba kimoja, dunia ilibadilika.

Katika nchi zetu mara nyingi vitu hivi viwili vimetenganishwa. Mtoto anayefungua redio mbovu anakemewa arudi kwenye daftari, na fundi wa mtaani anayejua kwa mikono yake tabia za chuma na moto haalikwi kamwe kusema na wanafunzi. Walimu wa sayansi, wapelekeni wanafunzi gereji na kwa wahunzi, kisha waiteni mafundi hao shuleni. Wazazi, mpeni mtoto mizani, saa na sufuria ya maji, mwacheni apime na kuandika. Na wewe fundi unayesoma haya, kitu kikikugomea usikimbilie kusema kimezeeka. Pima kwanza uone hasara iko wapi, uandike ulichokiona, kisha mtafute aliyesoma umuulize.

Watt alilipwa kwa kila kilo ya makaa ambayo haikuchomwa. Kila kaya inaweza kujilipa kwa njia hiyo hiyo. Anza leo: maji yakichemka, punguza moto.